Programu yangu ilimpeleka mdogo wangu barabara ya malori

Najua nimepotea. Wawili watatu mmeniandikia mkiuliza ile makala ya pili ya hifadhidata iko wapi, na mmoja akauliza kama kimya hiki ni cha harusi. Si harusi. Makala ya hifadhidata itakuja, niko nayo nusu. Leo lakini nataka kuandika juu ya baiskeli, ramani, na programu moja fupi ya mistari mia mbili hivi niliyoiandika mwaka jana. Nilipoimaliza nilikuwa na mpango wa kuja kujigamba nayo hapa. Halafu mambo yakatokea, nikanyamaza.

Kwanza mahali penyewe. Kiganjo ni mji mdogo kama kilomita 10 kutoka Nyeri mjini, kwenye reli ya kwenda Nanyuki. Wakenya wengi wanaujua kwa ajili ya chuo cha polisi. Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo hicho miaka ya 1960, na mwaka 1968 akaenda Mexico akashinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Mji wa Mexico uko juu ya mita 2,200 na wakimbiaji wengi walilalamikia hewa. Mtu aliyefanya mazoezi Kiganjo angelalamika nini? Hapa tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kwa mwendesha baiskeli hii ni faida na hasara kwa pamoja. Hewa nyepesi inakuzuia kidogo tu unapoteremka, na inakunyima pumzi unapopanda.

Na kupanda kupo. Mashariki kuna Mlima Kenya, magharibi kuna Nyandarua, na kila upande unatuma mito yake chini. Katikati ya mito ndipo kuna migongo ya ardhi, ile ambayo sisi Wakikuyu tunaiita rugongo, mmoja baada ya mwingine kama vidole vya mkono. Ukiendesha baiskeli kwa kufuata mgongo mmoja utapanda polepole au utashuka polepole, mashamba huku na huku, na unaweza hata kuongea na mwenzako. Ukiamua kukata migongo, yaani kutoka kidole hiki hadi kile, utateremka hadi daraja la mto huku umeshika breki zote mbili, kisha utapanda upande wa pili ukiwa umesimama juu ya pedali. Kilomita tano za namna hiyo zinachosha kuliko ishirini za kufuata mgongo. Kila mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Mimi nilikwenda chuo kikuu miaka minne kisha nikaja kuifundisha kompyuta kwa shida.

Sasa mdogo wangu. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri kujiunga na chuo, na katika kusubiri huko akapata wazimu wa baiskeli. Alinunua baiskeli ya mbio ya mtumba kutoka Nairobi, tairi nyembamba kama kidole, kwa pesa alizopata kwa kazi ya mjengo. Ukutani amebandika picha ya Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wetu aliyefariki Agosti 2022 katika mashindano huko Vermont, Marekani. Mama hapendi ile picha, lakini hajawahi kuitoa.

Siku moja akaniambia, "Kaka, wewe si mtu wa kompyuta? Nitengenezee mzunguko wa kilomita sitini. Nataka lami tupu, na milima isiwe mingi, kwa sababu wiki hii nataka kufanya mazoezi ya kasi."

Nani hupewa ombi kama hilo na ndugu yake akalikataa? Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka na kazi za wateja, fomu na malipo, fomu na malipo. Hili lilikuwa tatizo safi la vitabuni. Barabara ni grafu: njia panda ni nodi, kipande cha barabara ni kiungo, na kila kiungo kina gharama. Ukishaweka gharama, algoriti ya Edsger Dijkstra inakupa njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Dijkstra mwenyewe alisimulia kwamba aliibuni mwaka 1956 kwa dakika kama 20, bila karatasi, akiwa ameketi na mchumba wake kwenye mkahawa mmoja Amsterdam. Aliichapisha mwaka 1959. Mpaka leo simu yako ikikuelekeza njia, mle ndani kuna ukoo wa ile kahawa. (Mzunguko wa kurudi ulipoanzia unahitaji ujanja kidogo zaidi, kwa sababu njia fupi kuliko zote ya kutoka nyumbani hadi nyumbani ni kubaki nyumbani. Nilichagua vituo vya mbali nikatafuta njia ya kwenda na kurudi, basi.)

Barabara nilizitoa OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwetu imechorwa vizuri kuliko nilivyotarajia, kuna mpaka vijia vya kwenda mtoni. Vimo nilivitoa kwenye data ya SRTM. Hii ina hadithi yake. Februari 2000, chombo cha angani Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada mbili, moja ndani na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, kikapima kimo cha karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Leo data hiyo ni ya bure kwa kila mtu. Kila faili ni mraba wa digrii moja kwa digrii moja, nambari 3601 kwa 3601, na kila nambari ni kimo cha nukta moja kwa mita. Nukta ziko umbali wa kama mita 30.

Kiganjo kiko karibu kabisa na mstari wa longitudo 37, kwa hiyo mji wa Nyeri uko kwenye faili S01E036, na Karatina na Naro Moru ziko kwenye S01E037. Ukitaka kufika Nanyuki unahitaji na faili la tatu, N00E037, kwa sababu umekanyaga ikweta. Nilikaa usiku mzima nikishona mafaili matatu kwa ajili ya wilaya ambayo ng'ombe anaweza kuivuka kwa siku mbili.

Halafu likaja kosa la aina ambayo mtu hufanya mara moja tu. Nambari za SRTM zimeandikwa baiti kubwa ikitangulia, na kompyuta yangu inasoma ndogo ikitangulia. Kimo cha mita 1,759, ambacho ni cha kawaida pale Nyeri, kikisomwa kinyume kinakuwa hasi 8,442. Kwa dakika kumi hivi Nyeri ilikuwa kwenye sakafu ya bahari, chini kuliko meli yoyote iliyowahi kuzama pwani yetu. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Nikarekebisha. Nikaandika gharama ya kila kiungo hivi: urefu kwa mita, ongeza mara kumi ya mita za kupanda. Hiyo kumi sikuiokota tu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni kwa watembea milimani: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ukipiga hesabu, mita moja ya kupanda inakuwa sawa na karibu mita nane za tambarare. Baiskeli inaadhibiwa na mlima kuliko miguu, kwa hiyo nikasema kumi. Nilijaribu pia kumpa mwendeshaji zawadi akiteremka, yaani gharama hasi, nikakumbuka mhadhara wa mwaka wa pili: algoriti ya Dijkstra haina dhamana ukiweka gharama hasi. Nikaitoa. Murram nikaizidisha mara tatu kwa ajili ya zile tairi nyembamba. Na hapo nikaona nimemaliza.

Hebu niseme jambo kuhusu mita za kupanda, kwa sababu wengi mnatumia programu za mazoezi kwenye simu na mnaamini ile nambari ya mwisho. Msiiamini sana. Niliweka simu juu ya meza nje ya duka kwa saa moja ikirekodi, na ikadai imepanda mita 140. Meza haikwenda popote! GPS ina makosa madogo kila sekunde, juu kidogo, chini kidogo, na ukijumlisha kila "juu" bila kuuliza, makosa yanakuwa mlima. Data ya SRTM nayo ina ugonjwa wake katika nchi ya migongo. Barabara imechongwa ubavuni mwa kilima, nukta ya karibu iko mita 15 pembeni, na kama ubavu una mteremko wa asilimia 30 tayari umekosea mita nne na nusu. Tena rada haipiti vizuri kwenye majani, kwa hiyo penye msitu unapewa kimo cha karibu na kilele cha mti. Mzunguko mmoja wa kilomita 38 niliupima kwa njia tatu: simu ilisema mita 1,090 za kupanda, SRTM mbichi ikasema 780, na SRTM hiyo hiyo baada ya kupuuza mabadiliko yoyote yaliyo chini ya mita 10 ikasema 520. Ile ya 520 ndiyo miguu yangu iliikubali. Kwa hiyo mtu akikuambia amepanda mita elfu moja leo, muulize kwanza kwa kipimo gani.

Turudi kwa mdogo wangu. Programu ikatoa jibu lake kwa sekunde chache: toka Kiganjo, pita Chaka, nenda mpaka Naro Moru, rudi ulikotoka. Kwenda na kurudi inakaribia sitini. Lami tupu. Kupanda ni kwa polepole mno mpaka huoni, nchi inafunguka baada ya Chaka, mashamba ya mahindi yanapungua na mbuga kavu inaanza, Mlima Kenya uko kulia kwako mzima kama wingu halijashuka, Nyandarua iko kushoto. Ni njia nzuri kwa macho, sitakana. Nikamtumia kwenye simu. Akanijibu kwa kidole gumba.

Ilikuwa Jumamosi. Wakati wa kurudi, gari lililokuwa likitoka upande wa Kiganjo likaingia upande wake ili kulipita lori. Likamjia uso kwa uso. Alitoka nje ya lami, na nje ya lami palikuwa na shimo la kina cha kama kiganja, urefu wa barabara yote. Tairi nyembamba likaingia mle. Gari halikusimama. Lori halikusimama. Waliomwokota ni akina mama wawili waliokuwa wakiuza viazi kando ya barabara, na bodaboda mmoja aliyempigia mama simu kwa kutumia simu ya mdogo wangu mwenyewe. Mama alipoona jina la mwanawe kwenye simu na kusikia sauti ya mtu mwingine, aliketi chini hapo hapo jikoni. Hilo aliniambia baadaye.

Alivunjika mtulinga na akachunika upande wote wa kushoto. Helmeti ilipasuka badala ya kichwa. Nilipofika hospitalini alikuwa amefungwa mkono shingoni, macho yamevimba. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Nani alikwambia upitie barabara ile?" mama alikuwa akimuuliza. "Nani? Wewe hujui malori?"

Akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. "Ni kompyuta ya kaka ilisema."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilikuwa kweli. Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinipa begi lililokuwa na nguo zenye damu nikazifue, akarudi kumgeukia mtoto wake.

Usiku ule nilifungua programu nikaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta kosa. Hakukuwa na kosa. Ilifanya kile nilichoiambia. Ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Reli inayopita Kiganjo kwenda Nanyuki, ile iliyofufuliwa mwaka 2020, ilichorwa na wahandisi waliokuwa na treni isiyoweza kupanda mlima mkali. Walitafuta mstari wenye gharama ndogo ya kupanda. Barabara kuu ikaja baadaye ikatafuta kitu hicho hicho, na ndiyo maana mara nyingi unaziona reli na barabara zikienda pamoja kama ndugu. Na dereva wa lori lililobeba tani 20, je? Naye anakimbia mlima, kwa sababu mlima ni dizeli. Wote hawa walikuwa wamepiga hesabu yangu kabla yangu. Niliposema "mpe mdogo wangu njia yenye kupanda kidogo kuliko zote", nilikuwa nimesema "mpeleke pale ambapo kila kitu kizito kinapita". Na hii si barabara ya Nyeri na Nanyuki pekee, ni hiyo hiyo inayoendelea hadi Isiolo, Marsabit na Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Kwenye ramani imeandikwa wazi kabisa kuwa ni barabara kuu. Data ilikuwepo. Mimi ndiye sikuiuliza.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa guka mmoja jirani yetu. Si babu yangu wa damu, lakini huku mzee wa rika lile utamwita nani kama si guka? Amepeleka maziwa kwa baiskeli ya Black Mamba tangu kabla sijazaliwa, mitungi miwili nyuma, kila asubuhi. Nilipiga hesabu nikiwa njiani kwake: yeye kilo 65, baiskeli karibu 20, lita 40 za maziwa kilo 41. Jumla 126. Kila mita 100 za kupanda anainua kilojuli 124, na kwa kuwa mwili unapoteza karibu robo tatu ya nguvu kama joto, ni kilojuli 500 hivi za uji na ndizi. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kuogopa mlima ni yeye.

Nilimwonyesha mzunguko kwenye tarakilishi. Aliutazama kwa adabu.

"Guka," nikasema, "wewe ungepita wapi?"

Alichukua kijiti akachora chini. Njia yake haikugusa barabara kuu ila mahali pamoja. Alipanda mgongo mmoja kuelekea msituni, upande wa Kabaru, akauacha, akakata mto mmoja tu, akashuka kwa mgongo wa pili. Nikamwambia kwamba hiyo ina kupanda kwingi.

"Wewe na mashine yako mnaogopa mlima," akasema. "Mlima umenichosha miaka mingi, lakini haujawahi kunigonga."

Kisha akanieleza vitu ambavyo hakuna setilaiti inayoviona. Kipande kipi cha murram kinageuka gundi mvua za Aprili, na kipi kina mawe ya kutosha kukubeba. Shule ipi watoto wanatoka saa ngapi. Boma lipi lina mbwa watatu, na kwamba yule wa katikati tu ndiye anauma. Kwenye mteremko upi trekta hulala jioni upande usiofaa, bila taa. Wapi kuna bomba la maji na mama asiyekataa ukiomba. Hakusoma popote. Nilimwomba aseme polepole nikaandika yote kwenye daftari. Mengine nimeshayaweka kwenye OpenStreetMap ili na wengine wayapate: aina ya barabara, hali yake, bomba. Mbwa sikuona namna ya kuwaweka.

Nikaandika gharama upya. Kupanda nikakushusha kutoka kumi hadi nne. Murram yenye hali nzuri ikashuka hadi moja na nusu, na miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba inapanda yenyewe, kwa kuwa programu sasa inauliza tarehe kabla ya kujibu. Barabara kuu nikaizidisha mara nane. Tairi nazo tulibadilisha, tukaweka pana zaidi, za milimita 35, zilizoingia kwa shida. Mdogo wangu alisema baiskeli yake sasa inafanana na ya kuuza mkate. Nikamwambia muuza mkate ana mitulinga miwili mizima.

Mama alinikuta nikifanya kazi hiyo mezani. Tangu hospitalini alikuwa hajawahi kuniuliza habari ya ile programu. Akavuta kiti. Mama alisomea ualimu na hesabu haimtishi.

"Hiyo nane ni nini?" (Tulikuwa tunaongea Kikuyu, nawaandikia kwa Kiswahili.)

Nikamweleza. Kila mita ya barabara kuu inahesabiwa kama mita nane, kwa hiyo programu inaikwepa.

"Na ni wewe unayechagua hiyo nambari?"

"Ndiyo."

"Unaweza kuandika yoyote?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika elfu."

Nikaandika elfu, mbele yake. Akaangalia mpaka nikahifadhi faili, akaenda kulala.

Elfu, kama waandika programu wenzangu mnavyoweza kubashiri, ilileta kituko. Kwa njia ya guka kuna mahali pamoja ambapo murram ya upande huu haitazamani na murram ya upande ule. Lazima uingie barabara kuu, uende nayo mita 600, ndipo utoke. Mita 600 mara elfu ni kama kilomita 600, kwa hiyo programu ikaona heri kumzungusha mtu milima yote ya Mathira kuliko kugusa zile mita. Njia ya kilomita 41 ikawa ya 97. Nilijaribu mia, nikajaribu hamsini. Mwishowe niliiacha elfu kama mama alivyosema, nikaongeza sheria moja: penye njia ya kutembea kwa miguu nje ya lami, ruhusu mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli, kilomita nne kwa saa. Pale majani yamekanyagwa na watu na mbuzi, nafasi ipo. Programu ikarudi kwenye kilomita 41.

Mtulinga ulishika baada ya wiki saba. Mwezi uliopita tulitoka naye kwa mara ya kwanza, mimi nikiwa na baiskeli ya kuazima isiyokuwa na gia mbili za chini, adhabu niliyoistahili. Tulipanda kuelekea Kabaru asubuhi kukiwa na baridi, moshi ukitoka kwenye majiko, mashamba ya viazi yamelowa umande. Alinisubiri mara nne. Kwenye boma la mbwa watatu tulishuka tukapita tukitembea, na ni kweli, yule wa katikati. Simu yangu ikasema tumepanda mita 870, programu ikasema 610. Mdogo wangu akasema ni milima mitatu na nusu.

Tulipofika zile mita 600, nilishuka nikaanza kusukuma kwenye njia ya mbuzi. Yeye alisimama kidogo ukingoni mwa lami, mguu mmoja chini, akitazama malori. Palikuwa peupe mpaka mbali. Nikamwita. Alikaa pale kama nusu dakika hivi, kisha akashuka akaja nyuma yangu akisukuma, kwa mkono wa kulia.